Leseni ya PSV: Dereva Mzoefu Hujikwaa Wapi Mtihanini?

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Daraja la Kilifi, matatu za kwanza huwa zimekwisha kujaza abiria wa Mtwapa na Mombasa. Wanafunzi, wauguzi wa zamu ya asubuhi, wachuuzi wa samaki na akina mama wenye mafurushi ya mchicha hupanda bila kumuuliza dereva swali hata moja. Hakuna anayemwomba leseni. Wote wanaamini kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyekwisha kumpima.

Mtu huyo ni mtahini wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA. Kipimo chenyewe ni mtihani wa kuongezewa daraja la PSV kwenye leseni, yaani idhini ya kuendesha gari la kubeba abiria kwa malipo.

Mara nyingi anayesimama mbele ya mtahini si mgeni wa usukani. Huenda ni kijana aliyeendesha Probox la kubeba mboga kutoka Kaloleni kwa miaka mitano, dereva wa lori la mchanga, au mtu aliyekuwa dereva wa hoteli kule Watamu ambaye sasa anataka matatu yake mwenyewe. Mtu kama huyo huja akiwa na imani kubwa, na imani hiyo ndiyo humponza. Mtihani wa PSV hautaki kujua kama anaweza kuondoa gari. Unataka kujua kama mazoea aliyoyapata akiwa peke yake garini yanafaa kwa gari lenye watu kumi na wanne nyuma yake.

Kabla ya kuingia kwenye mtihani wenyewe, jambo moja linafaa kuwekwa wazi, kwa maana huwapotezea wakazi muda na nauli. Serikali ya kaunti haitoi leseni za udereva. Katiba imezipa kaunti kazi ya kusimamia barabara za kaunti, maegesho, steji na uchukuzi wa umma katika maeneo yao, lakini leseni ni kazi ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Ombi hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen. Asiye na simu ya intaneti au anayetatizika kujaza fomu anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre.

Daraja gani linahitajika?

Leseni za Kenya zimegawanywa kwa herufi. Magari ya abiria yapo kwenye daraja D. Daraja D1 ni la matatu za kawaida, zisizozidi abiria 14. D2 ni la mabasi madogo ya hadi abiria 32, na D3 ni la mabasi makubwa ya abiria 33 na zaidi. Anayetaka kuendesha teksi huhitaji B3, na wenye bodaboda na tuktuk wako A3. Kuwa na leseni ya lori, hata lori kubwa kiasi gani, hakumpi dereva ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo.

Kosa la kuchagua daraja lisilofaa ni la kawaida kuliko linavyoonekana. Mtu hujiandikisha kwa D1 kwa sababu ndiyo anayoisikia kila siku, kumbe Sacco inayomngoja ina mabasi madogo ya viti 33. Ni vyema kuuliza kwanza idadi ya viti vya gari linalomsubiri, kisha kuangalia masharti ya umri na uzoefu ya daraja hilo kabla ya kulipa chochote.

Hati ni sehemu rahisi, mradi zianze mapema. Kinachohitajika ni kitambulisho cha taifa, leseni ya sasa ambayo haijaisha muda, cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), uchunguzi wa afya, na kujiandikisha katika shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA kwa daraja husika. Cheti cha maadili mema ndicho huchelewesha watu, kwa kuwa baada ya kuomba kwenye eCitizen na kulipa, mwombaji lazima aende mwenyewe akapigwe alama za vidole, kisha asubiri. Fundi wa magari, mjenzi au mkulima ambaye vidole vimechakaa kwa kazi anaweza kulazimika kurudia alama hizo. Afadhali aanze na cheti hicho, mengine yafuate.

Kuhusu afya, macho ndiyo hoja kubwa. Dereva anayeshuku uwezo wake anaweza kujipima bila gharama: asimame ng'ambo ya barabara na kujaribu kusoma nambari ya gari lililoegeshwa upande wa pili. Akikunja uso ili asome, aende hospitali akapimwe kabla ya mtihani. Kuvaa miwani hakumzuii mtu kuwa dereva. Hatari ni kuihitaji na kutoivaa.

Bodi ya mji

Sehemu inayowatoa jasho wengi ni ile bodi iliyochorwa mji mdogo, wenye barabara, makutano, raundabauti na maegesho. Mtahiniwa hupewa kigari cha kuchezea na kuambiwa, kwa mfano, atoke alipo, apitie raundabauti, aingie barabara ya upande wa kulia kisha aegeshe. Anatakiwa kukisogeza kigari huku akieleza anachofanya.

Hapa ndipo uzoefu wa miaka mitano unapogeuka mzigo. Barabarani, dereva mzoefu hufanya mambo bila kuyataja. Huangalia kioo bila kujua ameangalia, na pengine siku hizi haangalii tena. Kwenye bodi, kisichosemwa huhesabika kuwa hakikufanywa. Kimya kwenye makutano kinaweza kumgharimu alama hata kama kigari kimepita mahali sahihi.

Utaratibu wa raundabauti yenye njia mbili unafaa kuzoewa mpaka ulimi uuseme wenyewe. Nchini Kenya magari huenda upande wa kushoto, na anayeingia raundabauti huwapisha wanaotoka kulia waliokwisha kuingia. Anayekata kushoto hukaa njia ya kushoto na kuwasha indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Anayekwenda moja kwa moja huingia bila indiketa, kisha huwasha ya kushoto akishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yake. Anayekwenda kulia hukaa njia ya kulia na indiketa ya kulia, halafu hubadilisha kuwa ya kushoto anapokaribia kutoka, baada ya kuangalia kioo. Dereva aliyejifunzia udereva mashambani, ambako raundabauti ni hadithi ya mjini, atahitaji muda zaidi hapa na hana haja ya kuona haya.

Kuegesha kwenye mwinamo ni swali jingine la kawaida. Gari likiwa linatazama chini, magurudumu ya mbele hukatwa kushoto kuelekea ukingo wa barabara na gia huwekwa ya kurudi nyuma. Likiwa linatazama juu na kando kuna ukingo, magurudumu hukatwa kulia na gia huwa ya kwanza, ili gari likirudi nyuma tairi liegemee ukingo. Pasipo na ukingo, magurudumu hukatwa kushoto ili gari likiteleza lisiingie katikati ya barabara. Hendibreki huvutwa katika hali zote tatu. Anayejua sababu hukumbuka, lakini anayekariri tu huchanganya kushoto na kulia mara mtahini anapomkazia macho.

Wala haihitajiki kungoja siku ya shule ya udereva ili kufanya mazoezi. Kipande cha katoni, kalamu na vifuniko vya soda vinatosha. Mtahiniwa achore raundabauti na makutano mawili, amkabidhi mkewe, mumewe au mtoto wa darasa la saba kazi ya kutoa amri, naye aeleze kwa sauti kila anachofanya. Mtoto atafurahia, na ni mtoto ndiye mwepesi wa kugundua indiketa iliyosahauliwa.

Alama za barabarani husomeka kwa haraka zaidi mtu akianza na umbo badala ya picha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Duara la samawati huamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, maumbo ambayo hayatumiwi na alama nyingine ili yatambulike hata yakiwa yamejaa vumbi. Dereva wa Malindi au Gongoni ambaye siku zote haoni reli barabarani asiziruke alama za reli, kwa kuwa leseni atakayopewa itamruhusu kuendesha hadi Mariakani na kwingineko.

Kuzunguka gari

Kabla ya kuwasha injini, dereva wa abiria anatarajiwa kulikagua gari. Aangalie matairi yote likiwemo la akiba, taa za mbele na nyuma, breki, waipa, honi, vioo, maji na oili. Hayo kila dereva huyajua. Ya PSV ndiyo husahauliwa: mikanda ya viti vyote iwe inafunga, mlango ujifunge vizuri, kizima moto kiwepo na kisiwe kimepitwa na muda, sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani, na kidhibiti mwendo kiwe kinafanya kazi.

Mtahini anaweza kuuliza kizima moto hutumiwaje. Jibu si kukionyesha kilipo tu. Abiria hushushwa kwanza na kupelekwa mbali na magari yanayopita, kisha pini huvutwa na mpira huelekezwa kwenye chanzo cha moto chini, si kwenye ndimi za juu.

Mikanda na vidhibiti mwendo ni sheria ya zamani kuliko baadhi ya madereva wanaoomba leseni leo. Vilianza kutekelezwa kwa nguvu Februari 2004, chini ya kanuni za mwaka wa 2003 ambazo Wakenya wengi bado huziita sheria za Michuki, kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Kikomo cha mwendo cha gari la abiria ni kilomita 80 kwa saa, na ndani ya miji na vituo vya biashara ni kilomita 50. Kati ya Mtwapa na Malindi kuna vituo vingi vya biashara, na dereva anayekumbuka 80 pekee huwa anavunja sheria katika sehemu kubwa ya safari yake bila kujua.

Barabarani na mtahini

Kwenye jaribio la barabarani, mambo madogo ndiyo hutoboa. Dereva anayeshika usukani kwa mkono mmoja huku mwingine ukining'inia dirishani ameonyesha tabia yake kabla ya kufika gia ya pili. Anayeondoa gari mlango ukiwa wazi ameonyesha zaidi. Mtahini hutazama kama dereva anaangalia vioo kabla ya kutoa indiketa, kama anasimama kivukoni, kama anapunguza mwendo kabla ya tuta badala ya juu ya tuta, na kama anaweza kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma hata kidogo.

Mlima una funzo lake. Wanaoijua barabara ya Mavueni kwenda Kaloleni wanajua jinsi inavyopinda na kushuka. Baadhi ya madereva huweka gia frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Gari likiwa frii, injini hailishikilii tena, na kazi yote hubaki kwa breki, ambazo zikipata moto hupoteza nguvu. Dereva anapaswa kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si baada ya gari kushika kasi, na kuziacha breki ziwe za kusaidia. Kenya ina mifano michungu ya miteremko. Julai 2022, basi la abiria lilitumbukia bondeni kwenye Daraja la Nithi, katika barabara ya Meru kwenda Nairobi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwaka wa 2024 watu zaidi ya 4,700 walifariki katika ajali za barabarani kote nchini.

Maswali ya mdomo hugusa pia kazi yenyewe. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Kila aliyewahi kupanda matatu jioni anajua hali ilivyo: dereva aliyeanza saa kumi na moja alfajiri bado yuko usukanini saa mbili usiku, kwa sababu hesabu ya mwenye gari haijatimia. Mtahiniwa anayejibu "saa nane" mtihanini kisha kukubali kumi na tano kazini amefaulu karatasi tu. Kanuni za uendeshaji wa magari ya PSV za mwaka wa 2014 zinawataka waajiri wawe na mikataba ya maandishi na madereva na makondakta wao, na dereva mpya ana haki ya kuulizia mkataba huo kabla hajapokea ufunguo.

Skwodi na mabroka

Kuna njia mbili za mkato ambazo vijana huambiwa ni za kawaida.

Ya kwanza ni skwodi, kushikia mwenzako gari kwa saa chache akienda kula au kulala. Kwa dereva ambaye hana daraja la PSV, skwodi si mazoezi. Ni kosa la jinai lenye abiria ndani. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipa mwenye gari kwa sababu aliyeendesha hakuwa na idhini, na majeruhi hubaki wakizunguka mahakamani. Mama aliyevunjika mguu akienda soko la Malindi hatajali kwamba kijana alikuwa anasaidia rafiki kwa mzunguko mmoja tu.

Ya pili ni broka anayesubiri nje ya ofisi au kwenye kundi la WhatsApp, akiahidi leseni bila mtihani. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, kwa nambari ya pay bill 222222, na kiasi huonekana kwenye akaunti ya mwombaji kabla hajalipa. Anayeomba pesa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi anaomba zake. Leseni ya bandia hugunduliwa kwa urahisi, kwa kuwa afisa barabarani anaweza kuihakikisha kwenye mfumo, na jina lisilo na daraja D mle ndani halitaokolewa na plastiki iliyochapishwa vizuri. Zaidi ya hapo, broka hukaa na nakala ya kitambulisho na nenosiri la mtu, na hayo hayarudishwi.

Siku yenyewe

Mtahiniwa afike mapema akiwa na hati zote halisi na nakala zake, leseni mfukoni na miwani usoni kama anaihitaji. Viatu viwe vya kufunika mguu, maana ndala hunasa kwenye pedali. Usiku uliotangulia asilale kwenye gari la mizigo barabarani akirudi kutoka Garsen, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa malori wasiotaka kupoteza siku ya kazi. Macho mekundu huonekana.

Akiulizwa swali asilolielewa, aombe lirudiwe, na akikosea kwenye bodi aseme amekosea na arekebishe, badala ya kukirudisha kigari kimyakimya. Anayefeli huruhusiwa kurudia. Aulize shule yake ya udereva alikosea wapi, aandike, na afanyie mazoezi sehemu hiyo hasa badala ya kuanza upya na yale anayoyajua.

Akifaulu, asianze kazi siku hiyo hiyo kwa furaha. Aingie kwanza kwenye akaunti yake ya eCitizen ahakikishe daraja jipya limeandikwa kwenye rekodi yake, kisha ashughulikie beji ya PSV, ambayo kondakta wake pia anapaswa kuwa nayo. Leseni, beji na cheti cha maadili mema huisha muda kwa tarehe tofauti. Madereva wenye busara huandika tarehe hizo tatu kwenye karatasi moja na kuibandika nyuma ya kioo cha kuzuia jua, mahali ambapo mkono hupita kila asubuhi.